Ndege haingoji maombi yaishe: Jinsi ya kupita JKIA bila kutoa jasho

Jumapili moja mwaka jana tulijaa kwenye matatu ya kukodi, watu kumi na watatu, kutoka Kangemi kwenda kumsindikiza binamu yangu JKIA. Alikuwa amepata kazi Ghuba. Tiketi ilinunuliwa kwa mchango: chama cha akina mama cha shangazi, kanisa, wajomba wa ushago, na mimi na elfu mbili zangu ambazo hadi leo nazitaja nikipata nafasi.

Ndege ilikuwa ya saa tano kasoro dakika tano usiku. Kufikia saa kumi na moja jioni masanduku yalikuwa mlangoni na kila mtu alikuwa amevaa. Kisha maombi yakaanza. Pasta aliomba, mzee wa kanisa akaomba, shosho akaomba na kuanzisha wimbo, na walipomaliza wote tukapiga picha. Picha za familia, picha za majirani, picha za binamu peke yake ameinua pasipoti kama kombe. Tuliondoka saa moja kasoro.

Kama unaishi upande huu wa jiji, Kangemi, Uthiru, Kinoo hadi Kikuyu, unaijua Waiyaki Way ya Jumapili jioni. Watu wanarudi kutoka Nakuru na Naivasha, na kila gari linataka kuingia mjini kwa wakati mmoja. Tulipofika Westlands dereva akauliza ni nani analipa ada ya Expressway. Kimya. Kila mtu ghafla akawa na kitu cha kuangalia dirishani. Basi akapita chini: Uhuru Highway, Nyayo Stadium, Mombasa Road, tukisukumana na malori.

Saa tatu na dakika ishirini tulikuwa kwenye kituo cha ukaguzi kabla ya kuingia uwanjani, pale ambapo abiria hushuka wakaguliwe kwa miguu huku dereva akipitisha gari. Watu kumi na watatu, mikoba kumi na mitatu, na shosho na bakora yake. Binamu alifika kwenye kaunta saa nne kasoro dakika kumi. Sanduku likawekwa kwenye mizani: kilo 31. Tiketi yake iliruhusu 23.

Akapiga magoti pale sakafuni, akaanza kutoa vitu. Pakiti za unga. Sufuria mbili (sijui ni nani alimwambia Ghuba hakuna sufuria). Blanketi. Alipoinuka, kaunta ilikuwa imefungwa.

"Pole sana, dada, tumefunga," mhudumu alimwambia. Ndege ilikuwa bado ipo pale nje. Ilikuwa imebaki karibu saa nzima iondoke, lakini kwake yeye ilikuwa imeshaenda.

Kubadilisha tiketi kulitugharimu Sh28,000. Shangazi alilia kutoka Embakasi hadi Kangemi, na safari hiyo, ajabu, barabara ilikuwa wazi kabisa.

Nimelifikiria jambo hili sana. Hatukuibiwa. Hatukudanganywa. Hakuna mtu wa uwanja wa ndege aliyetukosea. Tulichelewa tukiwa bado sebuleni. Kwa hivyo kama una safari, au una ndugu anayeondoka, keti tuongee. Sehemu kubwa ya safari ya ndege inaharibikia nyumbani, na nyumbani ndiko inaweza kurekebishwa bila pesa.

Anza na saa. Najua unajua kusoma saa, lakini tiketi haisomi saa kama shosho. Tiketi huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Ikiandika 03:15, hiyo ni saa tisa na robo usiku, si saa tatu na robo. Usicheke. Sisi tunaoishi na saa mbili kichwani, ile ya Kiswahili na ile ya simu, ndio tunaochanganyikiwa, hasa ukiwa unamtumia mzazi ujumbe wa kumwambia saa ya kuondoka.

Mtego mbaya zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumatano 00:40, unatoka nyumbani Jumanne jioni. Jirani yetu mmoja alitokea JKIA Jumatano saa tatu usiku, sanduku jipya, viatu vinang'aa, amewahi kabisa. Ndege yake ilikuwa imeondoka zaidi ya saa ishirini zilizopita. Kwa hivyo ukipata tiketi, iandike kwa maneno yako mwenyewe kwenye karatasi, "naondoka nyumbani Jumanne saa kumi na moja jioni," na uibandike mahali wote wanaona.

Halafu hesabu ukirudi nyuma. Mashirika mengi hufunga kaunta saa moja kabla ya safari za nje, mengine mapema zaidi, na tiketi yako itasema. Ushauri wa kawaida ni kuwa uwanjani saa tatu kabla. Sasa ongeza barabara. Kutoka Kangemi au Kawangware wakati wa jioni mimi naweka saa mbili kamili, na zikibaki nitakaa uwanjani nikiangalia watu. Kwa ndege ya binamu, hesabu hiyo ingetutoa nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Maombi yangefanywa asubuhi baada ya ibada na Mungu angesikia tu.

Kuhusu barabara yenyewe, sisi wa magharibi mwa Nairobi tuna bahati na balaa kwa pamoja. Bahati ni Expressway, ile barabara ya juu ya kilomita 27 kati ya Westlands na Mlolongo, iliyofunguliwa kwa magari Mei 2022. Ukishapanda pale Westlands, JKIA iko karibu sana. Balaa ni kwamba lazima kwanza ufike hapo, na foleni ya Waiyaki Way haijui kuwa wewe una ndege. Nduthi na tuktuk haziruhusiwi juu, kwa hivyo usipange kumpigia mtu wa boda dakika za mwisho ukidhani atakupitisha huko.

Weka noti za ada kando, mkononi, kabla ya gari kuondoka. Ukiita teksi kwa programu ya simu, mwulize dereva mapema kama ada imo ndani ya bei au ni juu yako. Swali la sekunde tano. Sisi halikuulizwa, na unajua mwisho wake.

Kama unatoka Kikuyu, Dagoretti au Kawangware, fikiria pia Southern Bypass. Inaanzia Kikuyu, inakatiza kando ya msitu wa Ngong na Lang'ata, inakutoa Mombasa Road, na hailipishwi. Malori ni mengi, lakini angalau yanatembea.

Na kama mfuko umekauka? Basi nambari 34 linatoka katikati ya jiji hadi JKIA, na nauli yake haikaribii ya teksi. Nimelitumia. Unapanda 46 kutoka Kawangware hadi mjini, unavuka upande wa pili wa mji, unauliza makanga kama linafika uwanja wenyewe au linaishia Embakasi. Ni sawa mchana, ukiwa na begi la mgongoni na muda mwingi. Ukiwa na sanduku la kilo 23 saa moja jioni, katikati ya watu wanaotoka kazini, zii, usijitese. Na ukiwa mjini na sanduku, wewe ni tangazo linalotembea. Kila mtu anajua una pasipoti na pesa.

Jambo moja zaidi kuhusu barabara: angalia habari siku moja kabla. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa JKIA waligoma kupinga mpango wa kukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, na abiria wakakwama nje na mizigo yao. Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia mjini tangu alfajiri. Sisi wenyewe, rika letu, tulikuwa barabarani siku kama hizo, kwa hivyo usijifanye hukujua. Kama kuna maandamano siku ya safari yako, lala upande wa Embakasi au Syokimau kwa rafiki usiku uliotangulia.

Pia hakikisha unaenda uwanja sahihi. Nairobi ina viwili vya abiria. Kwenye tiketi, NBO ni JKIA na WIL ni Wilson, kule Lang'ata Road. Kama unaruka ndani ya nchi, kwenda Pwani au Turkana kwa mfano, inaweza kuwa popote kati ya hivyo viwili. Na ndani ya JKIA yenyewe kuna majengo kadhaa: ndege za ndani ya nchi ziko 1D, za nje zimegawanywa kati ya mengine. Mwambie dereva jengo kabla hamjafika, maana kule ndani akikosea njia mtazunguka tena.

Sasa karatasi. Hapa ndipo pesa kubwa hupotea, na kimya kimya.

Pasipoti kwanza. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, ikihesabiwa kutoka siku unayoingia kwao. Wengi huangalia tu kama imeisha au haijaisha. Itoe sasa hivi uangalie tarehe. Ukipata imebaki miezi mitano, unaanza upya: fomu kwenye eCitizen, malipo, kisha kupigwa picha na alama za vidole, ambako kwa wengi wetu ni Nyayo House. Ile ya kurasa 34 ilipanda mwaka 2024 kutoka Sh4,550 hadi Sh7,550, na foleni ya Nyayo House haijapungua kwa sababu bei imepanda. Usinunue tiketi ukitegemea pasipoti ambayo bado iko huko ndani.

Jina la pili. Jina lililo kwenye tiketi liwe ni lile lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, lakabu moja, jina la kanisani, na lile la mitandao ya kijamii. Tiketi inajua pasipoti tu. Rafiki yangu alinunuliwa tiketi na mtu wa ukoo aliyemjua kwa jina ambalo haliko kwenye hati yoyote ya serikali. Ukiligundua kosa siku ile ile umelipwa na pesa zimetoka, kwa kawaida simu moja inatosha. Ukiligundua kaunta, unaomba kwa lugha zote unazojua.

Halafu kile kitabu cha manjano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania na Afrika Kusini, kwa mfano, wanakitaka kwa msafiri anayetoka Kenya. Watu wengi wanajua hivyo. Wasichojua ni kwamba cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Ukidungwa Jumatatu ukaruka Ijumaa, una kidonda cha mkono na huna cheti. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Kama mathe alikupeleka kudungwa ukiwa shule ya upili kwa safari ya Arusha, tafuta kile kitabu kabla ya kulipa tena.

Vyote hivi, tiketi ya kwenda na kurudi, viza kama inahitajika, anwani ya unakofikia, barua ya kazi au mwaliko, vitoe kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi, pale kwa msee wa saiba. Usitegemee kwamba utavifungua kwenye barua pepe ukifika. Nitakuambia kwa nini baadaye kidogo, maana ni mimi iliyonipata.

Kujiandikisha mtandaoni, kule kuchagua kiti na kupata pasi ya kupandia ndege, mashirika mengi huanza kukubali saa 24 au zaidi kabla ya safari. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, piga picha ya skrini, chaji simu. Lakini ukiwa na sanduku la kuingizwa tumboni mwa ndege, bado utapita kaunta, na kaunta bado hufungwa.

Twende kwenye sanduku. Huhitaji kununua mizani. Nenda kwa duka la nafaka, au kwa yule mzee wa vyuma chakavu. Mimi nilipeleka sanduku la binamu kwa mzee wa chuma pale karibu na soko la Kangemi. Alilitundika kwenye mizani yake ya ndoano mbele ya watu wote, akasoma, "Ishirini na tano na nusu," halafu akauliza kama tunauza. Alitaka hamsini kwa kazi hiyo. Hiyo hamsini ni pesa ndogo kuliko zote nilizowahi kutumia kwa safari.

Ukishapima, acha kilo moja au mbili za akiba. Mizani ya mzee wa chuma na ya uwanjani si mapacha.

Kwenye begi la mkononi, kanuni inayowanasa Wakenya ni ya vitu vya majimaji. Tangu njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006, viwanja vingi viliweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa. Na majimaji hapa si maji tu. Asali ni majimaji. Siagi ya karanga ni majimaji. Mafuta ya nywele ni majimaji. Mursik ya shosho wa Bomet, hata ikiwa kwenye kibuyu kilichopambwa shanga, ni majimaji. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, kwa hivyo chupa ya losheni ya mililita 400 iliyobaki vijiko viwili bado itaachwa. Weka hivyo vyote kwenye sanduku kubwa, vifunge vizuri, na usitumie mifuko ya plastiki ya kubebea, maana hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Pawabenki ni kinyume chake. Hiyo haiendi kwenye sanduku kubwa kamwe, inakaa na wewe, kwa sababu betri hizo zinaweza kushika moto na moto ukitokea lazima mtu auone. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh. Zile za 10,000 na 20,000 mAh ziko chini ya hapo. Ya 20,000 huwa kama 74 Wh. Lakini ile ya kienyeji uliyonunua Luthuli ikiwa imeandikwa nambari za ajabu, au maandishi yamefutika, wanaweza kuichukua. Baadhi ya mashirika yamekaza zaidi: Emirates, tangu Oktoba 1, 2025, inakubali moja tu kwa abiria, na huruhusiwi kuitumia ukiwa ndani ya ndege.

Na sasa jambo ambalo sitalipitia haraka. Usibebe mzigo wa mtu. Usibebe sanduku ambalo hukupanga mwenyewe, usibebe "kifurushi kidogo tu cha rafiki yangu atakupokea huko," usibebe hata kwa mtu wa kanisani kwenu kama hujafungua ukaona kila kitu kilichomo. Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu kifo Mkenya, msichana wa watu, kwa kupatikana uwanjani na zaidi ya kilo mbili za kokeini ndani ya sanduku. Alisema alikodiwa kulisafirisha na hakujua kilichokuwa ndani. Mtu anapokuambia atakulipia tiketi ili ubebe begi, jiulize kwa nini begi hilo halitumwi kama begi zingine.

Siku ikifika, vaa kama mtu atakayevuliwa. Kwenye ukaguzi utatoa mshipi, saa, sarafu, mara nyingi hata viatu. Ukivaa buti za kamba ndefu na soksi iliyotoboka kidole, hiyo ni juu yako. Kompyuta iwe mahali rahisi kuitoa. Na usifanye mzaha wa bomu. Najua wewe ni mcheshi. Pale hakuna anayecheka.

Baada ya kaunta kuna afisa wa uhamiaji, na hapa vijana wengi hutetemeka bila sababu. Au kwa sababu ndogo kama yangu.

Mara yangu ya kwanza kuruka nilikuwa naenda Johannesburg kumtembelea rafiki. Afrika Kusini ilituondolea Wakenya viza za ziara fupi kuanzia Januari 2023, kwa hivyo nilidhani nimemaliza mambo yote. Afisa akachukua pasipoti.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Naandika."

"Unaandikia nani?"

"Mtandaoni. Yangu mwenyewe."

"Unasoma wapi?"

"Nilikuwa nasoma. Niliacha."

Aliniangalia. Mimi nikajiangalia pia. Nikiwa nyumbani hayo ni maisha yangu na sina aibu nayo, lakini pale, bila kitambulisho cha kazi wala cha chuo, yalisikika kama mtu anayetoroka kitu. Akauliza tiketi ya kurudi. Ilikuwa kwenye barua pepe, na bando langu lilikuwa limeisha. Akauliza nitakaa wapi. "Kwa rafiki." Rafiki anaishi wapi? Sikujua mtaa. Nyuma yangu foleni ilikuwa inapumua kwa sauti.

Mtu mmoja nyuma yangu ndiye aliyenipa intaneti ya simu yake. Tiketi ikafunguka, ujumbe wenye anwani ukapatikana, muhuri ukagongwa. Dakika kumi na mbili. Karatasi mbili za shilingi ishirini zingemaliza hayo kwa dakika moja.

Nilikasirika wakati huo. Siku hizi nakasirika kidogo tu. Vijana wa Kenya wamekuwa wakiahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wanavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye kambi za kutapeli watu mtandaoni. Mapema mwaka 2025 makumi ya Wakenya walitolewa huko. Wote walipita mbele ya afisa fulani, wakajibu maswali kama yale yale. Kwa hivyo akikuuliza, jibu kwa ufupi na kwa ukweli: naenda wapi, kwa nani, siku ngapi, narudi lini, nani amelipa. Huna haja ya kueleza historia ya ukoo.

Kama unaenda kazini, uwe na mkataba uliousoma mwenyewe. Kabla hata ya kulipa wakala shilingi moja, tafuta jina lake kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ya mawakala waliosajiliwa. Na ukiona umeambiwa na wakala udanganye afisa, useme unaenda harusi ilhali unaenda kazi, hapo tayari umeonywa. Rudi nyumbani.

Ukishavuka uhamiaji kuna ukaguzi mwingine kabla ya geti. Chakula na maji huko ndani utanunua kwa bei ya kukutoa machozi, kwa hivyo kula ukiwa nje. Beba chupa tupu. Angalia nambari ya geti kwenye skrini, maana hubadilika, na usilale. Geti pia hufungwa.

Binamu aliondoka siku tisa baadaye. Ndege ilikuwa ya alfajiri, saa kumi na moja kasoro robo, kwa hivyo tulitoka Kangemi saa saba usiku. Tulikuwa watatu tu: yeye, shangazi na mimi, kwenye teksi. Wengine walimuaga jioni wakiwa na chapati mikononi, na pasta alipewa dakika kumi, akatumia kumi na tano. Kwa vile wasindikizaji hawaingii hadi kaunta hata wakija, hakuna aliyekosa chochote.

Waiyaki Way ilikuwa tupu. Shangazi alikuwa ameshika noti ya Expressway tangu nyumbani, imekunjwa na kulowa jasho. Kwenye kaunta sanduku likasoma kilo 22.4. Binamu alitugeukia kupitia kioo akainua vidole viwili, kisha viwili tena, kama mtu aliyeshinda kura.

Saa tisa na dakika kumi ujumbe wake ukaingia: "Nimefika geti. Hakuna mtu hapa. Hata wafagiaji hawajaamka. Mlinileta mapema sana nyinyi."

Shangazi aliusoma mara mbili, akarudisha simu mkobani, akaniuliza kama ile sufuria ilibaki Kangemi kweli.